Kipimo cha Pili Ndicho Chenye Jibu

Mama wa Mbooni, kaunti ya Makueni, aliyejifungulia Nairobi, katika mojawapo ya hospitali zinazopima masikio ya watoto kabla ya kuwaruhusu, hurudi Kikima au Tawa akiwa na karatasi ndogo ndani ya kitabu cha kliniki. Karatasi hiyo ina mistari miwili, mmoja wa sikio la kulia na mwingine wa sikio la kushoto, na kila mstari unatoa jibu fupi: sikio limepita, au halikupita na mtoto arudishwe. Nyumbani kitabu kinawekwa juu ya kabati, na karatasi inabaki humo. Mtoto ananyonya vizuri, analala, anaongeza uzito. Siku moja upepo wa mlimani unabamiza mlango, mtoto anashtuka, na susu, yaani bibi yake, anatangaza mbele ya wote kwamba masikio ya mjukuu wake hayana neno. Safari ya kurudi hospitali inasogezwa hadi baada ya kuvuna mahindi, kisha hadi baada ya Krismasi, kisha inasahaulika. Naandika kwa sababu ya karatasi hiyo. Kipimo cha kwanza hakikusudiwi kusema kama mtoto anasikia au hasikii. Kazi yake ni kuchuja, yaani kuonyesha ni nani anayehitaji kupimwa vizuri zaidi. Mtoto asiporudishwa kwa kipimo cha pili, cha kwanza kimefanywa bure, na pengine kimeleta madhara, kwa kuwa familia hubaki ikiamini kwamba mtoto amekwisha kupimwa.

Tuangalie mashine yenyewe inafanya nini. Mwaka 1978 mwanasayansi wa London, David Kemp, alionyesha kwamba sikio lenye afya likisikilizishwa sauti hutoa nalo sauti yake hafifu, kama mwangwi. Mwangwi huo unatoka kwenye koklea, kile kikonokono cha sikio la ndani, ambamo seli zenye vinyweleo hucheza sauti inapoingia. Mhudumu huingiza kizibo laini katika tundu la sikio la mtoto. Ndani ya kizibo mna spika ndogo na maikrofoni; spika inatoa sauti, maikrofoni inangoja mwangwi. Mwangwi ukirudi, sikio limepita. Usiporudi, huenda koklea ina tatizo, lakini huenda pia tundu la sikio bado lina ule utando mweupe wa kuzaliwa, au nyuma ya kiwambo cha sikio kungali na majimaji ambayo hayajakauka. Ndiyo maana watoto waliopimwa kabla ya kutimiza saa 24 huanguka zaidi kuliko waliopimwa baadaye. Basi mama akiambiwa mtoto hakupita, asilie kana kwamba ameambiwa mwanawe ni kiziwi. Asifurahi pia kana kwamba ni uchafu tu, maana mashine hiyo haina uwezo wa kutofautisha utando na ugonjwa.

Hapa ndipo watu hutoa pingamizi la kwanza, na lina uzito wake. Husema: kama wengi wanaoanguka ni wazima, kwa nini nipoteze nauli na siku ya kazi kuthibitisha ninachokijua? Hesabu yenyewe ni hii. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa usikivu wa watoto nchini Marekani, ambayo miongozo yake hufuatwa katika nchi nyingi, inataka wanaoanguka katika upimaji mzuri wasizidi 4 kati ya kila watoto 100. Katika nchi tajiri, watoto wanaozaliwa na upungufu wa kudumu wa kusikia ni kati ya 1 na 3 kwa kila 1,000, na katika nchi kama zetu, ambako uzazi wa shida na maambukizi ni vingi, idadi huwa juu zaidi. Kwa hiyo kati ya watoto 1,000, hadi 40 wanaweza kuambiwa warudi, na wachache sana kati yao ndio wenye tatizo la kudumu. Ni kweli, basi, kwamba uwezekano mkubwa ni kuwa mtoto wako yu mzima. Lakini wale 40 wanafanana kabisa. Wote wananyonya, wote wanatabasamu, wote wanalia usiku. Hakuna mzazi, muuguzi wala bibi awezaye kumtambua kwa macho yule mmoja au wale watatu. Anayerudi na kuambiwa mtoto ni mzima amepoteza siku moja. Asiyerudi, naye mtoto wake ndiye yule mmoja, anapoteza miaka ambayo hairudi.

Kuna kosa jingine la kuangaliwa hapa hapa. Kipimo cha kuchuja kikishindwa, kirudiwe mara moja, na masikio yote mawili yapimwe hata kama ni moja tu lililoanguka. Kikishindwa tena, mtoto apelekwe kwa uchunguzi kamili. Asikubali mzazi mtoto arudiwe mara nne, tano, kwa mashine ile ile hadi siku itakayosema amepita. Kipimo kikirudiwa mara nyingi hatimaye kinaweza kupita kwa bahati tu, na bahati hiyo ni mbaya kuliko kuanguka, kwa kuwa itamfungia mtoto mlango wa uchunguzi.

Na uchunguzi kamili una wakati wake. Kanuni inayotumiwa duniani ni rahisi kukumbuka: moja, tatu, sita. Mtoto awe amepimwa kwa kuchujwa kabla ya kutimiza mwezi 1, awe amefanyiwa uchunguzi kamili kabla ya miezi 3, na akikutwa na tatizo awe ameanza kusaidiwa kabla ya miezi 6. Tarakimu hizo hazikuchaguliwa ili zivutie. Mwaka 1998 Christine Yoshinaga-Itano wa Chuo Kikuu cha Colorado na wenzake walilinganisha watoto wenye upungufu wa kusikia waliogunduliwa kabla ya miezi 6 na waliogunduliwa baadaye. Waliogunduliwa mapema, wakaanza kusaidiwa mara moja, walikuwa na lugha bora kwa wazi, na tofauti hiyo ilionekana kwa wenye upungufu mdogo na kwa wenye upungufu mkubwa. Kilicholeta tofauti ni umri wa kuanza. Mtoto huanza kusikia akiwa tumboni, na huzaliwa akiijua sauti ya mama yake kwa kuwa ameisikiliza katika miezi ya mwisho ya ujauzito. Ubongo wake tayari uko kazini ukipanga sauti. Asipopewa sauti wala ishara za kupanga, sehemu hiyo ya ubongo haikai ikingoja. Huchukuliwa na kazi nyingine.

Wazazi wengi hudhani kuna hali mbili tu, kusikia na kutosikia. Ukweli ni kwamba watoto wengi wako katikati, na hao ndio rahisi kupotea. Chukua Kiswahili chetu. Maneno fika, shika na pika hutofautiana kwa konsonanti moja tu ya mwanzo, na sauti kama f, s na sh ndizo nyembamba na dhaifu kuliko nyingi katika usemi. Tofauti ya «anakuja» na «hakuja» iko katika silabi fupi za mwanzo, na moja kati yake inaanza kwa h ambayo ni pumzi tu. Kikamba nacho hutegemea kupanda na kushuka kwa sauti kutenganisha maana. Mtoto mwenye upungufu wa wastani husikia kwamba mtu anaongea, hata hugeuka akiitwa, lakini vipande hivyo vidogo vinamponyoka. Atakua akiitwa mzito, mkaidi au mtoto asiyetulia. Atafika shule ya msingi akiketi nyuma ya darasa, na mwalimu ataandika kwamba hazingatii masomo. Wala hakuna atakayeikumbuka karatasi iliyokuwa ndani ya kitabu cha kliniki.

Rudi kwa mlango uliobamizwa, maana ndio ushahidi unaotajwa kuliko wowote Mbooni na kwingineko. Mlango ukijibamiza, chumba chote hutikisika. Hewa husukumwa, kitanda hutetema, kivuli hupita usoni. Mtoto asiyesikia kabisa anaweza kushtuka kwa yote hayo. Zaidi ya hayo, mshindo wa mlango ni sauti kubwa na nzito, wakati usemi unahitaji sauti ndogo na nyembamba; anayesikia ngurumo si lazima asikie «susu». Kupiga sufuria nyuma ya mgongo wa mtoto kuna kasoro hizo hizo: anayepiga huinama, nguo yake inanukia moshi wa jikoni, mkono wake unatupa kivuli, na mtoto, ambaye ni mwerevu hata akiwa kiziwi, anageuka. Sisemi susu aache kumwita mjukuu wake na kutazama anavyoitikia. Aendelee, na akiona jambo aseme, kwa kuwa wasiwasi wa mzazi au mlezi kuhusu usikivu wa mtoto unahesabiwa na wataalamu kuwa sababu tosha ya kumpima upya. Lakini kipimo cha sufuria kitumike upande mmoja tu: kinaweza kukutia shaka ukaenda hospitali, kisitumike kukutuliza ukabaki nyumbani.

Wapo wanaosema tungoje hadi umri wa kuongea, hasa kwa wavulana, ambao husemekana huchelewa, na kila ukoo una mjomba aliyeanza kusema akiwa na miaka mitatu na sasa ni wakili. Nawajibu kwamba miezi ya mwanzo humdanganya hata mtazamaji makini. Mtoto kiziwi hulia, hucheka, hutoa sauti za «aa» na «uu» kama wengine. Tofauti huanza kujitokeza pale watoto wanaosikia wanapoanza kuunganisha silabi, «bababa», «mamama», jambo ambalo huwa limetokea kabla ya miezi 10. Mtoto asiyesikia huchelewa kufika hapo. Kwa hiyo anayengoja ishara ya kinywa tayari amepoteza ile miezi 6 ambayo ushahidi unaionyesha kuwa ya thamani kuliko yote. Marekani, kabla ya upimaji wa watoto wachanga kuenea, watoto waliozaliwa na tatizo la kusikia kwa kawaida waligunduliwa wakiwa na miaka miwili na nusu hivi, na wazazi wao hawakuwa wazembe. Walingoja tu mtoto aseme. Wengine hujitetea kwamba ukoo wao hauna kiziwi. Uziwi mwingi wa kurithi hupita kimya kwa wazazi wawili wanaosikia, kila mmoja akibeba nusu ya chanzo bila kujua. Nchini Marekani, zaidi ya 9 kati ya watoto 10 viziwi wamezaliwa na wazazi wanaosikia.

Tatizo la kweli, ambalo sitaki kulipita kwa haraka, ni umbali. Mbooni ni nchi ya vilima na mabonde. Kutoka kijiji cha mteremkoni hadi lami kuna bodaboda, kutoka lami hadi mji wa Wote au Machakos kuna matatu, na mama mwenye mtoto wa wiki nane mgongoni bado ana maziwa ya kutoa, kidonda cha upasuaji au watoto wengine nyumbani. Ukiwa Kalawa, kwenye joto la nyanda za chini, au ng'ambo ya Athi upande wa Kitui, safari ni ndefu zaidi. Ushauri wa «rudi baada ya mwezi mmoja» ukitolewa bila kufikiria hayo si ushauri. Ndiyo maana naona njia bora ni kuifunga safari ya masikio kwenye safari ambazo mama tayari anazifanya. Kalenda ya chanjo ya Kenya inamwita mtoto kliniki akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, kisha miezi 6, 9 na 18. Itazame pamoja na kanuni ya moja, tatu, sita. Wiki ya 6 ni siku ya kumwonyesha muuguzi karatasi na kudai barua ya rufaa, kama haikutolewa mapema. Wiki ya 10 ni siku ya kuhakikisha miadi ya uchunguzi kamili ina tarehe. Ikifika wiki ya 14, miezi 3 imepita kidogo, na jibu linafaa kuwa limeandikwa kitabuni. Mwezi wa 6 ni mpaka wa kuanza msaada. Mama hahitaji kukumbuka kitu kipya. Anahitaji kuuliza swali moja la ziada kila anapopeleka mtoto kuchanjwa.

Njia hii imejaribiwa Afrika. Mjini Lagos, Nigeria, Dakta Bolajoko Olusanya na wenzake walipima masikio ya watoto katika vituo vya afya vya kawaida, siku ambazo kina mama walileta watoto kwa chanjo ya BCG, na waliopima walikuwa wahudumu wa jamii waliofunzwa kazi hiyo, hawakuwa mabingwa wa masikio. Kliniki za chanjo zimetumiwa vivyo hivyo huko Western Cape, Afrika Kusini. Faida yake kwetu ni kubwa: mtoto aliyezaliwa nyumbani, au katika zahanati isiyo na mashine, hapitwi, kwa sababu hata yeye huletwa kuchanjwa. Mzazi ambaye mtoto wake hakupimwa popote asidhani makala haya hayamhusu. Kwake, kipimo cha kwanza na cha pili ni safari hiyo hiyo.

Mzazi ambaye mtoto wake alipita naye asifunge kitabu mapema mno. Wapo watoto wanaopita siku ya kuzaliwa na kupoteza usikivu baadaye, au wanaopita kwa kipimo ambacho hakikuangalia mahali penye ugonjwa. Umanjano mkali wa mtoto mchanga, ule unaomfanya alazwe chini ya taa ya buluu au abadilishwe damu, unaweza kuumiza neva ya kusikia huku koklea ikibaki nzima. Mtoto huyo atatoa mwangwi mzuri na kupita kile kipimo cha kizibo, kumbe ujumbe haufiki kwenye ubongo. Kwa sababu hiyo, mtoto aliyelazwa zaidi ya siku 5 katika wodi ya watoto wachanga mahututi apimwe kwa mashine inayofuata neva hadi kwenye shina la ubongo. Wengine wa kufuatiliwa kwa karibu ni njiti, waliozaliwa bila kulia kwa kukosa hewa, wenye hitilafu ya umbo la sikio au uso, ambao mama zao walipata rubela wakiwa wajawazito, na waliozaliwa na virusi vya saitomegalo, ambavyo huweza kula usikivu polepole kwa miaka kadhaa. Homa ya uti wa mgongo ni ya dharura hata baada ya mtoto kupona: koklea inaweza kuanza kuota mfupa ndani ya wiki chache, kwa hiyo usikivu upimwe upesi iwezekanavyo, bila kungoja kliniki ya mwezi ujao. Dawa ya jentamisini, inayotolewa pamoja na penisilini kwa watoto wachanga wenye maambukizi ya damu, nayo yaweza kudhuru sikio. Tafadhali usikatae dawa hiyo kwa sababu umesoma hapa. Maambukizi hayo huua kwa siku mbili tatu. Ruhusu mtoto atibiwe, uandike jina la dawa na siku alizopewa, kisha udai apimwe masikio.

Sasa siku yenyewe ya uchunguzi. Kabla ya kupanda gari, piga simu, au mwombe mhudumu wa afya wa kijiji akupigie. Uliza mambo matatu: kama mashine inafanya kazi, mtaalamu wa usikivu yupo siku gani, na kama wanapima watoto walio chini ya miezi 6. Hospitali ya rufaa ya Makueni iko Wote, ile ya Machakos iko mjini Machakos, na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, ina idara ya masikio, pua na koo. Anza na iliyo karibu, uambiwe waziwazi kama watakupeleka mbele. Mtoto aoshwe kichwa siku hiyo na asipakwe mafuta yoyote kwenye paji la uso wala nyuma ya masikio, kwa kuwa hapo ndipo vibandiko vya mashine hubandikwa, na ngozi yenye mafuta huvikataa. Jitahidi asilale njiani. Mchezeshe, mwangalishe dirishani, na ukifika usimnyonyeshe hadi uitwe. Kisha mnyonyeshe ndani ya chumba cha kipimo, alale papo hapo mikononi mwako. Jambo hili dogo ndilo huamua kama safari imefaulu. Kipimo cha neva hurekodi umeme hafifu sana wa ubongo, na mtoto anayejinyoosha au kulia huufunika. Akilala, mashine itatuma sauti kubwa, kisha ndogo, kisha ndogo zaidi, na kwenye kioo mawimbi yatajichora mstari baada ya mstari, hadi pale wimbi linapotoweka. Hapo ndipo mtaalamu anapojua sauti ndogo kabisa ambayo sikio hilo linaipata.

Usingizi huo unatupa sababu nyingine ya kutochelewa. Mtoto wa miezi miwili akishiba hulala mwenyewe, na kipimo chote hufanyika bila dawa. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu halali mchana kwa kuambiwa. Mara nyingi atahitaji dawa ya usingizi, daktari wa kumsimamia, kitanda na gharama zaidi. Kwa hiyo anayeahirisha ili kuokoa nauli hatimaye hulipa zaidi kwa kipimo kile kile. Mtoto akiwa na mafua siku ya miadi, kama inavyotokea sana katika baridi ya Juni na Julai huku vilimani, piga simu uulize kama isogezwe kwa wiki moja au mbili, kwa kuwa majimaji nyuma ya kiwambo yatavuruga jibu. Isogezwe kwa tarehe iliyoandikwa. Na mtaalamu akipima kiwambo cha sikio cha mtoto wa chini ya miezi 6, muulize kwa heshima kama ametumia sauti ya hezi 1,000, kwa maana ile ya hezi 226 inayotumiwa kwa watu wazima huweza kumpa mtoto mchanga jibu la uongo. Usiogope kuuliza. Kabla ya kutoka, dai jibu la kila sikio lake peke yake, kwa maandishi, pamoja na hatua inayofuata na tarehe yake. Nyumbani, kwa hali yoyote, msitie sikioni mafuta moto, maziwa ya mama wala kijiti cha pamba. Koklea haifikiwi na mafuta, na kiwambo cha mtoto ni chembamba.

Gharama haikwepeki. Msajili mtoto mapema chini ya mzazi wake katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na uulize hospitalini kabla ya kipimo ni nini kinacholipiwa na ni nini utatoa mfukoni. Lakini mzigo huu usiachiwe mama peke yake. Makueni ndiyo kaunti iliyoanzisha MakueniCare mwaka 2016, familia nzima ikitibiwa kwa Sh500 kwa mwaka, na nchi yote ikaja kujifunza. Kaunti yenye historia hiyo ina uwezo wa kuhakikisha mashine ya kuchuja inazunguka katika kliniki za chanjo kwa siku zinazojulikana, na kwamba mtoto wa Mbooni aliyeanguka anapata uchunguzi kamili bila kuvuka kaunti tatu. Mashine ya mkononi ya kupima mwangwi ina bei ya chini sana kuliko gari moja la serikali. Mwakilishi wa wadi akija kuomba kura, aulizwe hilo kama anavyoulizwa barabara na maji.

Limebaki pingamizi zito kuliko yote, ambalo watu husema kwa sauti ya chini: hata tukijua, tutafanya nini? Wanaamini kwamba msaada ni upasuaji wa mamilioni ng'ambo, na kama hawana, heri wasijue. Kwanza, hata upasuaji huo unasogea karibu. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kupandikiza vifaa vya koklea mwaka 2017, badala ya kila mtoto kupelekwa India. Pili, wengi hawauhitaji. Majimaji ya nyuma ya kiwambo hutibika. Upungufu wa wastani husaidiwa na kifaa cha kuvaliwa sikioni, ambacho mtoto anaweza kuvalishwa akiwa na wiki chache tu. Uliza mapema kuhusu betri, na kuhusu ile sehemu laini inayoingia sikioni, kwa kuwa sikio la mtoto hukua upesi na kipande hicho kinafaa kubadilishwa mara kwa mara. Tatu, na hili ndilo ninaloliamini zaidi, lugha haingojei kifaa. Mtoto kiziwi hana upungufu wa akili. Kinachoweza kumharibia akili ni kuachwa bila lugha yoyote katika miaka ambayo ubongo unaitafuta. Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha kamili, imetajwa katika Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010, na hutumika Bungeni. Mama, baba na susu wakianza kujifunza ishara 10 mwezi huu na 10 mwezi ujao, wakaweka nyuso zao mwangani kila wanapomsemesha mtoto, wameanza tiba ambayo haiuzwi dukani. Vituo vya upimaji na ushauri wa elimu maalumu, EARC, vilianzishwa nchini mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo inaweza kukuelekeza kwenye kilicho karibu. Usingoje mtoto afike umri wa shule ndipo ubishe hodi hapo. Nenda mara tu jibu la kipimo linapotoka.

Akina baba, barua ya rufaa haikuandikiwa mama peke yake. Anayemwachia mkewe abebe mtoto, mkoba na jibu zito siku ile ile amemnyima mtu wa pili wa kusikiliza maelezo ya daktari, na maelezo hayo ni mengi. Nendeni wawili, au mama aende na dada yake. Mmoja amshike mtoto, mwingine aandike.

Leo jioni, kiteremshe kile kitabu cha kliniki kutoka juu ya kabati. Kama ndani yake mna karatasi isemayo mtoto arudishwe na hakuna tarehe iliyoandikwa, au kama hakuna karatasi kabisa na mtoto hajatimiza miezi 6, kesho asubuhi piga simu hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe uombe miadi.